Namna ya Kusoma Daftari la Majina la Wapimaji: Mfano wa Parokia ya Kirkmaiden, Uskoti

Mtu akifungua ramani ya zamani ya Uskoti na kuona jina limechapwa kwa herufi safi kando ya kijito au juu ya kilima, ni rahisi adhani kwamba jina hilo limeandikwa hivyo tangu enzi na enzi. Sivyo. Katikati ya karne ya 19, jina lililoingia katika ramani kubwa za Ordnance Survey, idara ya serikali ya Uingereza ya upimaji ramani iliyoanzishwa mwaka 1791, lilipitishwa kwanza katika daftari. Humo ziliandikwa namna mbalimbali lilivyosikika au lilivyoonekana katika hati, wakatajwa mashahidi wa kila namna, kisha afisa akachagua tahajia moja iende kwenye ramani. Tahajia zilizoshindwa zilibaki daftarini, na zipo hadi leo. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuyasoma madaftari hayo kwa parokia moja, ili msomaji aweze kurudi kutoka jina lililochapwa hadi vinywa vilivyolitamka.

Nimechagua Kirkmaiden, parokia ya kusini kabisa ya Uskoti, iliyo kwenye ncha ya rasi ndefu ya kaunti ya Wigtown katika jimbo la Galloway. Wigtownshire ndiyo kaunti ya kwanza ya Uskoti kupimwa kwa kipimo cha inchi 6 kwa maili 1, na madaftari yake yaliandikwa kati ya mwaka 1845 na 1849. Lakini sababu kubwa zaidi ni lugha. Majina mengi ya parokia hiyo ni ya Kigaeli, lugha ya Kikelti ya Uskoti, ilhali wapimaji walipofika Kigaeli kilikuwa kimekwisha kutoweka Galloway, na wenyeji walikuwa wakisema Kiskoti, lugha iliyo ndugu ya Kiingereza. Walikuwa wamerithi sauti za majina bila maana zake. Mpimaji aliyemwuliza mkulima jina la korongo alipewa sauti tupu, na ilimbidi aifanye maandishi.

Kabla ya kufungua daftari

Jambo la kwanza ni kujua mipaka. Parokia nchini Uskoti haikuwa eneo la kanisa peke yake. Ilikuwa pia kitengo cha utawala wa kiraia, na wapimaji walikitumia kugawa kazi yao. Mipaka mingi ya parokia na kaunti ilirekebishwa kuanzia mwaka 1891, kwa hiyo shamba ambalo leo linahesabiwa katika parokia moja huenda likapatikana katika daftari la parokia jirani. Mtafiti asiyelijua hilo hukata tamaa mapema, akidhani kwamba jina lake halikuandikwa.

Madaftari ya asili yanahifadhiwa katika National Records of Scotland mjini Edinburgh, chini ya alama ya kumbukumbu OS1. Picha za kurasa zake zilisambazwa mtandaoni kupitia mradi wa ScotlandsPlaces, na watu wa kujitolea wakanakili maandishi ya mkono kwa chapa ili yaweze kutafutwa kwa neno. Nakala hizo ni msaada mkubwa, lakini usizitegemee peke yake. Mwandiko wa karne ya 19 una herufi zinazofanana, hasa n na u, au c na e, na katika jina la mahali herufi moja ndiyo inayoamua kama neno ni la Kigaeli au la Kiskoti. Tafuta kwa nakala, lakini soma kwa picha.

Weka pia ramani yenyewe kando ya daftari. Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeweka ramani za inchi 6 mtandaoni bila malipo, pamoja na ramani nyingi za zamani zaidi. Kusoma daftari bila ramani ni sawa na kusikiliza upande mmoja wa mazungumzo.

Jinsi wapimaji walivyokusanya majina

Utaratibu wenyewe ulitoka Ireland. Huko, chini ya Thomas Colby, mkuu wa idara, upimaji wa inchi 6 ulianza katika miaka ya 1820, na Thomas Larcom akasimamia mpango wa kuandika kila jina katika daftari pamoja na ushahidi wake. Mwaka 1830 aliajiriwa John O'Donovan, mtaalamu wa Kigaeli cha Ireland, ambaye alisafiri akiwasikiliza wazee na kulinganisha matamshi yao na maandishi ya kale. Uskoti ilirithi daftari, lakini haikumrithi O'Donovan. Hakuna mtaalamu wa kiwango chake aliyezunguka parokia baada ya parokia kwa niaba ya idara, na kwa maoni yangu kasoro nyingi za majina ya Kigaeli kwenye ramani za Uskoti zinaanzia hapo.

Nyanjani kazi ilifanywa na askari wa Royal Sappers and Miners, kikosi kilichounganishwa na Royal Engineers, wahandisi wa jeshi la Uingereza, mwaka 1856, pamoja na wasaidizi wa kiraia. Ardhi ilipimwa kwanza kwa pembetatu kubwa kutoka kilele hadi kilele, kisha kwa minyororo ya kupimia, na baada ya michoro kuwa tayari mtu alitembea nayo parokiani akiuliza majina: shamba hili laitwaje, kijito kile, mwamba ule ulio baharini. Wengi wa waulizaji hawa hawakuwa wenyeji. Sikio la askari aliyezaliwa Uingereza au Ireland lilisikia Kiskoti cha Galloway kwa namna yake, na kalamu yake ilikuwa na mazoea yake. Jambo hili likumbukwe katika kila ukurasa.

Kuzisoma safu

Ukurasa wa kawaida wa daftari una safu tano. Ya kwanza ina jina kama litakavyoonekana kwenye ramani. Ya pili ina namna mbalimbali za kuliandika jina hilohilo. Ya tatu inataja mashahidi wa kila namna, ama mtu, ama hati. Ya nne inaeleza mahali jina lilipo kwenye ramani, na ya tano ina maelezo: kama ni nyumba, imejengwa kwa vifaa gani na inamilikiwa na nani, kama ni kilima, kimefunikwa na nini, kama ni magofu, wenyeji wanasimulia nini.

Wasomaji wengi hukimbilia safu ya tano kwa sababu ina hadithi, na si vibaya kuipenda. Lakini anayetaka kujua jina lenyewe anapaswa kutumia muda mwingi zaidi kwenye safu ya pili na ya tatu, akizisoma kwa pamoja, mstari kwa mstari. Angalia kwanza kama namna zote katika safu ya pili zinafanana. Zikifanana, huenda jina lilikuwa thabiti, au huenda mkusanyaji aliwaonyesha mashahidi tahajia aliyokuwa nayo nao wakaikubali. Zikitofautiana, hapo ndipo penye mali. Nakili zote, pamoja na zile zilizokatwa kwa mstari wa kalamu, kwa kuwa mstari huo ni alama ya uamuzi wa afisa na unaonyesha jina lilikokuwa likielekea kabla ya kugeuzwa.

Angalia pia rangi ya wino na mabadiliko ya mwandiko. Mara nyingi daftari lilipita mikononi mwa zaidi ya mtu mmoja: aliyekusanya, aliyekagua na aliyeidhinisha. Masahihisho ya mwandiko tofauti kwa kawaida yalifanywa ofisini, mbali na mahali penyewe.

Kuwapima mashahidi

Safu ya tatu huwa na wamiliki wa ardhi, wasimamizi wa mashamba yao, wachungaji, walimu, wapangaji wakubwa, na hati kama ramani za mashamba au masimulizi ya parokia yaliyochapwa. Katika kaunti zilizopimwa baadaye utakuta pia daftari la thamani ya ardhi, ambalo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1854 lilianza kutolewa kila mwaka. Usilitazamie katika Wigtownshire ya miaka ya 1840.

Si kila shahidi ana uzito uleule, na uzito waliopewa na idara si lazima uwe ndio utakaowapa wewe. Kwa idara, mwenye ardhi alikuwa shahidi bora wa jina la nyumba au shamba lake, na watu wenye elimu na cheo walifuata. Maagizo yaliyochapwa mwanzoni mwa karne ya 20 yalisema wazi kwamba wakulima wadogo na wakazi wa vibanda hawategemewi hata kwa majina ya mahali wanapoishi, hasa kuhusu tahajia. Kwa mtu anayetafuta tahajia ya kuchapa, maagizo hayo yanaeleweka. Kwa anayetafuta jina lilivyotamkwa, ni kinyume kabisa: mchunga kondoo aliyelitaja korongo kila siku tangu utotoni ni shahidi wa thamani kuliko mwenye ardhi aliyelisoma katika hati ya mirathi. Hivyo, ukimkuta mpangaji mdogo au mvuvi katika safu ya tatu, hata kama tahajia yake imekataliwa, mwekee alama.

Hesabu pia mashahidi kwa makini, kwa sababu watatu wanaweza kuwa mmoja. Masimulizi mapya ya takwimu za parokia za Uskoti, yaliyochapwa kati ya mwaka 1834 na 1845, yaliandikwa zaidi na wachungaji wa parokia wenyewe. Daftari linapomtaja mchungaji kama shahidi wa kwanza na masimulizi hayo kama shahidi wa pili, huenda ni kalamu ileile inayojithibitisha. Vivyo hivyo, mmiliki, msimamizi wake na ramani ya shamba lake mara nyingi ni chanzo kimoja chenye majina matatu. Katika kumbukumbu zako andika vyanzo huru, wala usiandike idadi ya mistari.

Kusikia kilicho nyuma ya tahajia

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu, na ndipo inapotaka uvumilivu. Tuanze na jina la parokia yenyewe. Kirkmaiden kwa macho ya Kiingereza huonekana kama kanisa la mwanamwali, lakini nusu ya pili ni jina la mtakatifu, Medan, ambaye kanisa liliwekwa chini ya ulinzi wake. Parokia hiyo imewahi pia kuitwa Maidenkirk, na tofauti ya namna hizi mbili ina mafunzo. Kigaeli, kama Kiswahili, hutanguliza kinachomilikiwa na kumfuatishia mmiliki: kanisa, kisha Medan. Kiingereza na Kiskoti hufanya kinyume. Kwa hiyo Kirkmaiden ina neno la lugha ya kale ya Skandinavia kwa kanisa, lakini mpangilio wake ni wa Kigaeli. Maidenkirk ni jina lilelile katika kinywa cha mtu wa lugha nyingine. Mkusanyaji aliyeandika namna zote mbili katika safu ya pili alikuwa anaandika, bila kukusudia, historia ya lugha mbili zilizokutana.

Parokia jirani ya Stoneykirk ni onyo kubwa zaidi. Asili yake ni kanisa la Mtakatifu Stephen, ambaye kwa Kiskoti huitwa kwa upendo Steenie. Mwandishi aliyesikia Steeniekirk alidhani anasikia matamshi ya kienyeji ya neno la Kiingereza lenye maana ya mawe, akalisahihisha, na Stephen akageuka mawe. Makosa ya aina hii hayatokani na uzembe. Yanatoka kwa mtu mwangalifu anayejaribu kuyafanya maandishi yawe Kiingereza safi, na kwa sababu hiyo tahajia nadhifu kuliko zote katika safu ya pili ndiyo inayostahili kutiliwa shaka kwanza. Tahajia iliyopinda, iliyoandikwa na mtu asiyejua jina lina maana gani, mara nyingi imebeba sauti kwa uaminifu zaidi.

Jifunze maneno machache ya Kigaeli yanayorudi mara kwa mara. Druim ni mgongo wa ardhi, na pamoja na mòr, yaani kubwa, likazaa Drummore, kijiji kikuu cha Kirkmaiden. Maol ni kipara, na ndilo lililo ndani ya Mull of Galloway, rasi iliyo ncha ya kusini ya Uskoti nzima, ambako Robert Stevenson alijenga mnara wa taa uliowashwa mwaka 1830. Sloc ni shimo au korongo, na kwenye miamba ya pwani hiyo limeandikwa kama Slouch au Slock. Cnoc, kilima, huandikwa Knock. Barr, kilele, huandikwa Bar. Cill, kanisa, huandikwa Kil.

Ugumu ni kwamba Kigaeli hubadilisha mwanzo wa neno. Moire ni Maria, lakini kisima cha Maria ni Tobar Mhoire, na mh hutamkwa v. Hata hivyo mji wa Tobermory katika kisiwa cha Mull umeandikwa kwa m, kwa macho ya hati na si kwa sikio. Msomaji wa Kiingereza hubabaishwa na jambo hili, kwa sababu amezoea maneno yanayobadilika mwishoni. Sisi tunaosema Kiswahili, ambao tangu utotoni tunajua kwamba mtoto na watoto ni neno moja, na kwamba jino likiongezeka huwa meno, tunayo faida hapa. Ukiona v katika jina la Kigaeli, jaribu kuirudisha kuwa m au b kabla ya kulitafuta katika kamusi.

Kurudi nyuma ya daftari

Daftari la miaka ya 1840 ni shahidi wa miaka ya 1840 tu. Ukishapata namna zote, zipange pamoja na zile za ramani za awali. Timothy Pont aliizunguka Uskoti akichora mwishoni mwa karne ya 16, na michoro yake ilikuwa msingi wa kitabu cha ramani kilichochapwa na mchapaji Blaeu mjini Amsterdam mwaka 1654. Thamani yake kwa Galloway haisemeki, kwa kuwa Pont alipita wakati Kigaeli bado kilisikika huko. Ukumbuke tu kwamba wachongaji wa ramani wa Amsterdam hawakujua lugha yoyote ya Uskoti, na walisoma mwandiko mgumu. Kisha kuna ramani ya kijeshi ya William Roy, iliyochorwa kati ya mwaka 1747 na 1755, yenye majina yaliyoandikwa haraka na kwa sikio. Baada yake kuna ramani ya Wigtownshire ya John Ainslie ya mwaka 1782, ambayo ilitumiwa na watu wengi wenye elimu na hivyo iliweza kuwafundisha mashahidi wa wapimaji tahajia kabla hawajaulizwa.

Kuiuliza ardhi

Maana yoyote unayoipendekeza inapaswa kukubaliwa na mahali penyewe. Karibu na ncha ya Mull of Galloway ardhi hubana ikawa shingo nyembamba kati ya vighuba viwili, na vighuba hivyo vinaitwa East Tarbet na West Tarbet. Tairbeart kwa Kigaeli ni shingo ya nchi ambapo mashua huweza kuvutwa kutoka maji haya hadi yale. Kwa baharia wa zamani jina hilo lilikuwa agizo la safari: maji ya kuzunguka rasi ni makali, na kuvuta chombo nchi kavu kuliweza kumwokoa. Jina lilelile lipo Tarbert ya Kintyre, Tarbert ya kisiwa cha Harris, na Tarbet iliyo kando ya Loch Lomond, ambapo mwaka 1263 Wanorwei wa Mfalme Haakon walivuta merikebu zao kutoka bahari ya Loch Long hadi ziwani. Mahali pote hapo ramani huonyesha shingo ya ardhi. Jina linapolingana hivi na umbo la nchi mahali baada ya mahali, mtafiti anaweza kuwa na hakika.

Linganisha na Portankill, upande wa mashariki wa rasi hiyohiyo. Ukilisoma kama bandari ya kanisa, cill ikiwa nusu ya pili, ardhi inakuunga mkono, maana mahali pa kanisa la kale la parokia ni karibu. Kama hapangekuwa na kanisa, ingekupasa kusimama na kutafuta neno jingine.

Tazama pia aina ya herufi kwenye ramani yenyewe. Mambo ya kale yasiyo ya Kirumi yaliandikwa kwa herufi za kigothi za mtindo wa zama za kati, tofauti na mashamba na vijito. Herufi hizo zinakuambia kwamba idara ilipaamini mahali hapo kuwa pa kale, na daftari litakueleza ni nani aliyeishawishi.

Yasiyomo

Mashamba ya kulimwa, yale makonde yenye majina yaliyojulikana na familia moja tu, kwa kawaida hayakuandikwa, kwa sababu kipimo cha ramani hakikuyahitaji. Wanawake ni wachache mno katika safu ya tatu, ingawa ndio waliochota maji katika visima na kukusanya samakigamba kwenye miamba iliyotajwa. Usichukue ukimya wa daftari kuwa ushahidi kwamba mahali hapakuwa na jina. Hati za kodi za mashamba, kumbukumbu za mabaraza ya kanisa na kanda za sauti za wazee zilizorekodiwa katika karne ya 20 huweza kuongeza majina ambayo wapimaji hawakuyauliza.

Mwishoni tengeneza jedwali lako: jina la ramani, kila tahajia pamoja na mwaka na chanzo chake, shahidi na kazi yake, umbo la ardhi, kisha maana. Safu ya maana ijazwe mwisho. Pale ushahidi usipotosheleza, iache wazi, na uandike kando yake tahajia ile ya kienyeji iliyokatwa kwa mstari, ili atakayekuja baada yako aanze hapo.